Usukani na matairi ya pikipiki: yanayosemwa kijiweni na yaliyo kweli

"Ukitaka kukata kona kushoto, zungusha usukani kushoto."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoumiza watu. Ni kweli pale pikipiki inapokwenda polepole kama mtu anayetembea. Mwendo ukishakolea, mambo hugeuka: ili pikipiki ilale kushoto, mshikio wa kushoto husukumwa mbele kidogo. Gurudumu huelekea kulia kwa kufumba na kufumbua, tairi likahamia kulia chini ya pikipiki, uzito wa juu ukaangukia kushoto, na hapo kona ikaanza. Wilbur Wright, yule wa ndege, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanapindaje kushoto, na hakumpata hata mmoja aliyelieleza jambo hilo sawasawa mara ya kwanza.

Siku za kawaida mwili hufanya wenyewe bila kufikiri. Hatari ni pale daladala linapochomoka kutoka kushoto. Dereva aliyeshika dhana hii huukata usukani kulia kwa nguvu, na pikipiki inamlalia kushoto, kulekule kwenye daladala. Alipaswa kuusukuma mshikio wa kulia. Natamani kila anayejifunza pikipiki alirudie zoezi hili kwenye uwanja mtupu kabla hajabeba abiria.

"Pikipiki haianguki kwa sababu magurudumu yanazunguka."

Mzunguko unachangia, lakini si peke yake. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alieleza majaribio yake ya baiskeli aliyoifunga gurudumu la ziada linalozunguka kinyume, ili kuiua nguvu hiyo ya mzunguko. Bado iliendesheka. Iliyomtaabisha ni baiskeli nyingine, ile aliyoisogezea gurudumu la mbele likakaa mbele zaidi ya mahali pake pa kawaida.

Sababu ni hii. Ukichora mstari kupita katikati ya shingo ya usukani hadi chini, utaigusa barabara mbele ya pale tairi linapokanyaga. Umbali huo huitwa treili, nao hulifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama magurudumu ya toroli la supamaketi yanavyofuata nyuma ya mhimili wake. Kwenye pikipiki za mashindano, shokapu za mbele hulala digrii 24 hivi kutoka wima na treili huwa karibu milimita 100. Zile ndefu za mtindo wa Kimarekani hulala digrii 30 au zaidi, na treili yake ni kubwa: zinatulia kwenye barabara kuu, ila kwenye foleni ni kazi.

"Mzigo mzito nyuma unaituliza pikipiki."

Hapa ndipo ningependa kila bodaboda asimame asikilize. Ukipakia magunia ya mkaa au mishikaki ya abiria, shokapu za nyuma hubonyea na pikipiki huinua pua. Shokapu za mbele zinalala zaidi kuliko mtengenezaji alivyokusudia, na tairi la mbele linapungukiwa na uzito. Ule wepesi unaousikia mikononi ni tairi lisiloshika barabara vizuri. Kwenye kona pikipiki hutanuka kuelekea nje, na kwenye mteremko usukani unaweza kuanza kutetemeka, mara 4 hadi 10 kwa sekunde.

Beringi za shingo zilizolegea na upepo pungufu huzidisha balaa. Kuzikagua beringi ni rahisi: inua gurudumu la mbele, shika shokapu kwa chini, sukuma na kuvuta. Ukisikia kugonga, mwone fundi leo. Na mtetemo ukikukuta njiani, usiubane usukani wala usikamate breki ghafla. Legeza mikono, punguza mafuta taratibu. Mzigo wenyewe ukae chini na karibu na dereva kadiri iwezekanavyo.

"Tairi pana linashika zaidi."

Pikipiki inapolala, tairi pana hukanyaga mbali zaidi na mstari wa katikati, hivyo lazima ilale zaidi ili ikate kona ileile kwa mwendo uleule. Usukani unakuwa mzito. Tena ukilibana tairi pana kwenye rimu nyembamba, umbo lake la duara linaharibika. Funga saizi iliyoandikwa na mtengenezaji.

Kashata kubwa za tope nazo, yaani vile vipande vya raba vilivyochomoza kwenye tairi, kwenye lami hugusa kwa vipande vipande na hujikunja kwenye kona. Ni za tope.

"Kashata bado zipo pembeni, tairi halijaisha."

Anayepiga safari ndefu zilizonyooka hula katikati ya tairi mpaka linakuwa bapa. Likifika kwenye kona, pikipiki hugoma kulala, kisha huanguka ghafla upande likishavuka ukingo wa ubapa. Mvua ikinyesha, katikati hapana mifereji ya kutoa maji. Tafuta herufi TWI ubavuni mwa tairi. Zinaelekeza kwenye kinundu kilichomo ndani ya mfereji, na kashata zikilingana nacho, badilisha.

Ukienda kununua, soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba hukauka hata ikiwa dukani, na tairi lililokakamaa huteleza kwenye lami yenye maji ingawa kashata zake hazijaguswa.