Virusi vya kubeba jeni haviachi ugonjwa zizini

Miongoni mwa wafugaji wa Njoro na Molo, kaunti ya Nakuru, wapo wanaoamini kwamba mnyama aliyetiwa jeni kwa virusi akiwa bado kiinitete huzaliwa na ugonjwa, kisha huueneza zizini. Wengine huwahofia vivyo hivyo hata ndama wa uhimilishaji, yaani wa ng'ombe aliyetiwa shahawa kwa mrija.

Hofu hiyo ina chanzo. Lentivirusi, zinazotumika sana kwa kazi hii, ni za jamii moja na virusi vya UKIMWI. Ila kabla ya kutumiwa huondolewa jeni za kuzaliana, na mahali pake hutiwa jeni inayotakiwa. Zikiingia kwenye seli huishusha jeni hiyo, basi. Hata kuingia kwenyewe ni kazi: kiinitete cha panya kina ganda ambalo lentivirusi hazipenyi, kwa hiyo mtaalamu hutazama kwa hadubini na kuzidunga chini ya ganda kwa sindano nyembamba mno. Panya waliopatikana hivyo waliripotiwa mwaka 2002. Kinachonitia shaka mimi ni kingine: jeni hiyo haichagui mahali pa kujipachika kwenye kromosomu, zile nyuzi za seli zinazobeba jeni, yaweza kuvuruga jeni jirani, na hurithiwa.

Uhimilishaji haumo kabisa katika habari hii ya virusi. Mhimilishaji akishayeyusha mrija wa shahawa iliyogandishwa kwenye maji ya uvuguvugu, omba uusome: umeandikwa jina na nambari ya fahali. Ndani ni shahawa na kimiminika cha kuihifadhi, si virusi vya kubeba jeni. Na ukisikia habari za virusi vya kubeba jeni, uliza: vinaweza kuzaliana? Jeni hubaki kwenye kromosomu?