Barua ya Chuo Haivuki Namanga

Ofisi ya Masomo ya Uzamili na Utafiti, Arusha

Kila mwaka, wanafunzi wa shahada ya umahiri katika habari na mawasiliano ya kimataifa wanapomaliza masomo ya darasani na kuelekea uwandani, malalamiko huwa yaleyale. Huyu kazuiwa na mtendaji wa kijiji huko Longido, yule kakataliwa rekodi zake na kamati ya maadili ya utafiti baada ya miezi ya kazi. Makala haya yanahusu vibali, na hasa mahali ambapo kibali kimoja kinaishia.

Tuanze na dhana inayotusumbua kuliko zote: kwamba kwa kuwa Tanzania na Kenya zimo katika Jumuiya moja, ya Afrika Mashariki, kibali cha huku kinatosha na kule, ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Hakitoshi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inahusu watu, bidhaa, huduma na mitaji. Haikufuta vibali vya utafiti. Anayelinganisha wasikilizaji wa redio wa Holili, upande wa Tanzania, na wa Taveta, upande wa Kenya, ana tafiti mbili mbele ya sheria, hata kama bodaboda inamfikisha upande wa pili kwa mwendo mfupi.

Kwa mwanafunzi Mtanzania, upande wa huku utaratibu ni huu. Pendekezo likishapita idarani na kwenye kamati ya maadili, chuo kinaandika barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Arusha au Kilimanjaro. Mkoa unaandika wilayani, kwa Katibu Tawala wa Wilaya au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kulingana na unaokwenda kuwahoji. Wilaya inaandika kata, kata inaandika kijiji au mtaa. Kila ofisi hubaki na nakala, kwa hiyo toa nakala tano za kila barua na usiiachie barua halisi. Barua itaje jina la utafiti kama lilivyo kwenye pendekezo, maeneo, na tarehe za kuanza na kumaliza. Ukihama kutoka Monduli kwenda Longido, barua ya Monduli haikusaidii. Rudi mkoani uandikiwe upya. Mtendaji anayekuzuia kwa sababu hukupita wilayani hakuonei. Anafanya kazi yake, na tunaomba asijibiwe kwa ukali.

Asiye raia aanzie Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kisha apate kibali cha ukaazi cha daraja C. Kenya nayo, chini ya sheria yake ya mwaka 2013, inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na mgeni awe na taasisi ya huko inayomdhamini kitaaluma. Uganda inataka kamati ya maadili ya huko ipitishe utafiti kwanza, ndipo UNCST, baraza lake la sayansi na teknolojia, itoe kibali. Anza maombi haya angalau miezi mitatu kabla ya safari.

Wapo wanafunzi ambao tayari ni waandishi wa habari kazini. Kitambulisho cha uandishi si kibali cha utafiti. Aliyekubali kuhojiwa kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku hakukubali kuingia kwenye tasnifu. Dhumuni likibadilika, ridhaa inaombwa upya.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023. Tunasikia mara kwa mara kwamba ujumbe wa kwenye kundi la WhatsApp "ni wa wote". Si wa wote. Waliomo kundini waliandikiana wao kwa wao, na picha ya skrini yenye jina na namba ya simu ni taarifa binafsi. Sauti nayo ni taarifa binafsi, maana mtu hutambulika kwa sauti yake. Ukipandisha rekodi ya mama wa sokoni Kilombero, hapa Arusha, kwenye programu ya kunukuu sauti, yaani kuigeuza kuwa maandishi, ambayo seva zake ziko ng'ambo, umesafirisha taarifa zake nje ya nchi, na usafirishaji huo una masharti yake chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ndivyo ilivyo pia kwa msimamizi aliye Uingereza. Nukuu mwenyewe, ondoa majina, vijiji na namba, tumia alama za siri, kisha tuma maandishi tu. Orodha inayounganisha alama na majina ibaki hapa, kwenye faili lenye nywila, mbali na nukuu zenyewe. Swali likigusa siasa, dini au afya, ridhaa iwe ya maandishi. Ya mdomo haitoshi.

Mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha dhumuni zilikokusanyiwa anaweza kutozwa faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa taasisi, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Na kibali cha maadili hakirudi nyuma: kilichokusanywa kabla yake hakiingii kwenye tasnifu.

Asiye na muda wa kupitia haya yote afikirie nyaraka. Kesi ya vyombo vya habari, juu ya redio RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vya Rwanda vilivyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, iliamuliwa hapa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda Desemba 3, 2003, na rufaa yake Novemba 28, 2007. Kumbukumbu zake ziko Lakilaki, nje kidogo ya jiji la Arusha, kwenye taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama hiyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko hapa Arusha, iliamua shauri la mwandishi Konaté dhidi ya Burkina Faso Desemba 5, 2014, na Mahakama ya Afrika Mashariki ikapima Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania katika hukumu ya Machi 28, 2019. Hukumu hizi ni za wazi, hazihitaji dodoso wala barua ya kata, na tunasikitika kuona wanafunzi wa Arusha wanazipita kila siku. Tahadhari ni moja. Huko Lakilaki baadhi ya mashahidi walilindwa na kurasa zao zimefungwa. Usiziombe kwa njia za pembeni, wala usikisie majina yao ndani ya tasnifu.