Aliyezama achaneni na tumbo lake, mpeni pumzi

Wana Mtwara kuchele, nimechoka jamani. Mimi nesi, nipo upande wa emajensi, na kila ikipita Idi au Pasaka najua nitaletewa mtu na bajaji kutoka bichi, kalowa chapa, halafu waliomleta wananiambia kwa kujiamini kabisa "nesi, sisi maji tumeshamtoa yote". Mmeyatoaje? Tumembinya tumbo, tumemshika miguu tukamning'iniza kichwa chini, kuna hadi waliombingirisha juu ya dumu. Haya, na pumzi nani kampa? Kimya.

Aliyezama hafi kwa maji ya tumboni, anakufa kwa kukosa hewa. Ya tumboni kayanywa tu, hayana haraka hata kidogo. Yaliyoingia kwenye mapafu mara nyingi wala si mengi na huwezi kuyakamua kama tui, ila yanatosha kuzuia hewa isifike kwenye damu, na ubongo ukikaa dakika 4 mpaka 6 bila oksijeni unaanza kufa, sasa nyie dakika zote hizo mko na tumbo! Na ukilibinya, ule ubwabwa wa mchana unapanda juu halafu unashukia kwenye mapafu, yani umemzamisha mara ya pili akiwa nchi kavu.

Mlaze chali. Mwite, mtikise bega. Haitiki, hapumui, au anatweta mara moja moja kama changu aliyetupwa ngalawani (huko sio kupumua), basi inua kidevu, mbane pua, puliza mdomoni mara 5 uone kifua kinapanda. Halafu katikati ya kifua mkandamize mara 30 kwa nguvu, mtu mzima kifua kishuke kama sentimita 5, haraka haraka yani 100 mpaka 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, rudia, usichoke, mwingine ndo atafute gari. Povu likitoka usihangaike kulifuta, wewe puliza. Akitapika mgeuze ubavu, msafishe mdomo, rudi kazini. Na akizinduka mleteni hospitali hata kama anacheka na kuomba chai, maana mapafu yanaweza kuanza kuleta shida masaa kadhaa baadae.

Eti "angezama tungemsikia anapiga kelele". Kelele na hewa gani? Mtu anazama kimya, kichwa nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mtoto kazama mita chache kutoka kwa mama aliyeshika simu.

"Tuogelee hapa hamna mawimbi." Hapo pasipovunja mawimbi, kushoto na kulia yanavunja, mara nyingi ndo mkondo unapotokea kwenda nje. Ukikubeba usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie ndo urudi. Na siku za bamvu, yani zile maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, msiende mbali na maji kupwa mkiokota makombe, huku kwetu maji yanapanda zaidi ya mita 3 na yanaanza kujaa kwenye mifereji iliyoko nyuma yako.

Mkojo kwenye jeraha la mwiba wa samaki taa? Hapana, acheni uchafu. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa na nusu, halafu njoo tuangalie kama mwiba umebaki.

Pombe sitasema sana, msimu wa korosho hela ipo na kila mtu anajiona papa.

Ila dumu jamani, dumu! Bichi ya Msimbati mnaenda na spika, jiko, kreti mbili, dumu la lita 20 tupu lenye kifuniko linawashinda nini? Lifunge kamba, mtupie anayezama alikumbatie, wewe vuta ukiwa umesimama mchangani. Ukimfuata mikono mitupu atakupanda kichwani, na hapo ntaletewa wawili.