Metali nzito si lazima iwe ya mbio

Watu kibao bado wanaamini eti metali, yaani ule muziki wa roki wa magitaa ya kunguruma, ikiwa nzito basi lazima dramu zipigwe mbio mbio, hapana jamani. Sikilizeni Crowbar, bendi ya New Orleans kule kusini mwa Marekani, hasa albamu yao Zero and Below ya 2022. Pale uzito unatokana na gitaa lililolegezwa nyuzi mpaka sauti inashuka chini kabisa, halafu rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa rudiwa, inaburutwa taratibu na kila noti inaachwa ivume, yaani unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Huo mwendo wa polepole asili yake ni Black Sabbath, bendi kongwe ya metali ya Uingereza, Crowbar na wenzao wakauchanganya na hasira za panki, ule muziki wa roki wa kasi na wa uasi, ndo mtindo huo ukaitwa sladji (sludge). Na Kirk Windstein, mwimbaji wa Crowbar, haimbi mambo ya mashetani, anaimba maumivu yake, kwa sauti iliyokwaruza kweli kweli.