Ufa Huu Usiuzibe kwa Saruji

Juzijuzi tena. Mgeni kalala usiku mmoja chumba namba saba, asubuhi kashuka ngazi na unga mweupe kwenye bega la shati, kaja moja kwa moja uani nilipokuwa nakoroga chokaa kwenye pipa. Mtu mzima, kanizidi umri mbali, kwa hiyo nikaegesha koleo nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanipa somo.

"Mwanangu, nyumba nzuri hii. Milango mizuri, kitanda kizuri. Lakini ukuta unamwaga chumvi! Mmekosa hata mifuko mitatu ya saruji? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nikamwambia, "Ni kweli, mzee," kwa sababu mgeni kalipa na mimi si wa mapokezi. Ila huyo ni wa tano tangu mnada wa kwanza wa korosho, na nimechoka kusema "ni kweli" kwa jambo ambalo si kweli.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa chokaa, hapa Mikindani, Mtwara. Nahangaika na nyumba za mawe, hasa hii moja ya vyumba vinane iliyogeuzwa hoteli ndogo kwa wanaopenda vya kale. Ina mlango wa nakshi, boriti zinaonekana darini, vinyago vya mpingo vimekaa kwenye vidaka, mikeka ya ukili iko chini. Baraza ya nje inatazamana na jirani yetu mchongaji, na wageni hushinda hapo wakimtazama akipiga tezo. Mtu anatoa hela ya maana kulala humu, halafu ukuta unampukutikia begani. Hasira yake naielewa. Dawa anayoitaja ndiyo inayonitoa jasho.

Methali yenyewe haina kosa. Haikusema tu uzibe kwa nini.

Ukuta wa namba saba una unene wa karibu nusu mita. Mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu, na vipande vidogo vimejaziwa katikati. Hauna msingi wa zege wala nailoni chini yake. Maji yanaingia, yameingia tangu ulipojengwa, na aliyeujenga alijua. Alichojali ni yatakakotokea. Penye lipu ya chokaa yanatokea usoni, upepo unayachukua, chumvi yake inabaki. Chumvi ikikauka inakuwa fuwele, fuwele zinasukuma, lipu inatoa unga. Unapita na brashi kavu. Kavu, nasema, kwa sababu ukifuta kwa kitambaa cha maji umeirudisha chumvi ndani. Miaka ikienda lipu inachoka, unaibandua, unapiga nyingine. Lipu inaliwa ili jiwe lisiliwe, kama soli ya kandambili.

Sasa funika huo ukuta kwa saruji na juu yake rangi ya mafuta. Maji hayajaacha kuingia. Umeyanyima njia tu, basi yanapanda kutafuta mwanya juu zaidi, na chumvi inajijenga nyuma ya lipu badala ya mbele. Mwaka wa kwanza na wa pili ukuta unang'aa na fundi aliyepiga anasifiwa mtaa mzima. Halafu siku moja unagonga kwa kifundo cha kidole, unasikia kama unagonga dafu lililokwisha maji. Nimewahi kubandua bonge la saruji ukubwa wa meza kwenye nyumba ya jirani. Lilitoka zima, gumu, halina hata ufa, na nyuma yake limeng'oka na uso wa jiwe. Jiwe lililobaki nililichota kwa kijiko cha chai. Sisemi kwa mfano. Nilikuwa na kijiko, nilikuwa nakunywa chai.

Na nyumba hizi zinacheza. Mvua ikinyesha udongo unavimba, kiangazi unanywea, boriti nazo zinajinyoosha. Chokaa inacheza pamoja nazo. Saruji haijui kucheza, inapasuka, na kwenye mipasuko maji ya mvua yanaingia lakini hayatoki.

Hayo ni ya kawaida, naona hata vijana wa vyuo siku hizi wanayajua. Kinachoniudhi kupita vyote ni yule aliyeelewa nusu. Anakuja fundi anasema, "Kaka, nimekuelewa, tutapiga chokaa. Ila tutie saruji *kidogo*, iwe na nguvu." Kidogo! Nguvu ya nini? Ukuta umesimama kabla babu yake hajazaliwa, lipu haiubebi. Kazi ya lipu ni kuwa dhaifu kuliko jiwe. Ukiipa nguvu umeiharibia kazi. Na hicho kidogo hakina kipimo, ni karai moja leo, kesho karai na nusu kwa sababu mwenye nyumba anataka ahamie Ijumaa.

Ijumaa ndiyo ugonjwa halisi. Saruji inashika kwa maji, tena upesi. Chokaa inashika kwa hewa, pole pole, ikirudi taratibu kuwa jiwe lile lile ililochomwa kutoka kwake. Kwa hiyo naloweka kwenye pipa, maji yakae juu yake vidole vinne, mwezi mzima angalau. Hiyo ninayokoroga sasa ni ya Juni. Naogesha ukuta maji kabla ya kuanza, napiga tabaka nyembamba, moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa, natundika magunia mabichi mbele yake, nasubiri siku kadhaa, napiga tabaka la pili. Kusi ikivuma sana inakausha uso kabla ya ndani, lipu inapasuka kama tope la bwawani, naanza upya. Hakuna mwenye nyumba anayependa kusikia habari hizi. Tena kwetu kusini hela ya korosho inaingia kuanzia Oktoba, Novemba, mtu ana fedha mkononi na moto wa kukarabati kichwani, na mvua ndiyo hiyo inabisha hodi. Wakati mzuri wa kupiga chokaa, mvua zikishakatika Mei, hela imeshakuwa bati, pikipiki na ada za shule. Saruji haina msimu. Na kiwanda chake tunacho hapa hapa Mtwara tangu 2015, mfuko unafika mlangoni bado una joto. Nashindana na hicho, si na ujinga wa watu.

Halafu yupo anayedai kapiga chokaa, kumbe kapaka chokaa ya maji juu ya saruji. Huyo simjibu.

Niseme na la kwangu, maana nisipolisema mimi atalisema mwingine. Nilifundishwa kazi na mzee aliyekuwa akichoma matumbawe mabichi, yaliyong'olewa baharini. Tuliyapanga juu ya magogo ya mikoko, duara juu ya duara, tanuu likawaka usiku kucha, asubuhi mawe yamekuwa meupe na mepesi kama maandazi. Chokaa ile ilikuwa laini kama samli, na sijapata kuishika nyingine kama ile. Lakini kila tanuu lilikuwa kipande cha mwamba ambamo samaki walizaliana, na mikoko isiyo na idadi. Kung'oa matumbawe hai ni kosa kisheria, na ni sawa iwe hivyo. Ukienda upande wa Msimbati, kwenye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, unaona kinacholindwa ni nini. Kwa hiyo ninapowasifia mabwana wa zamani kwa hekima ya chokaa, najua chokaa yenyewe ilitoka wapi. Sijui kulitatua hilo. Natumia ya mfuko inayotoka Tanga.

Ya mfuko ina ujanja wake. Ikikaa dukani muda mrefu, unyevu na hewa vinapenya, inajikamilisha humo humo ndani ya mfuko, na wewe unanunua vumbi la jiwe. Nachukua kijiko kimoja, nakamulia ndimu. Ikitoka povu jingi, imeshakufa, narudisha dukani. Mwenye duka mmoja alidhani namroga.

Turudi kwa mgeni wangu, maana kuna upande ambao hata yeye hausikii vizuri. Usiku ule aliweka kiyoyozi nyuzi kumi na sita, madirisha yote kafunga, kitanda kakisogeza mpaka kikagusa ukuta, taulo mbichi katundika kwenye msumari wa kinyago. Hewa ya Mikindani ina maji ya kutosha kufulia. Ukipoza ukuta kiasi hicho halafu ukafungua mlango asubuhi, jasho linashika ukutani kama kwenye chupa ya soda. Nyumba hii ilijengwa na madirisha yanayotazamana, tena dari ya juu, vyumba vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Fungua mbao za dirisha, washa feni, teremsha chandarua. Livingstone alipita hapa 1866 na hatujasikia kwamba aliulizia rimoti. Hata mpingo unalalamika. Mwaka jana kinyago kilichokaa mbele ya kiyoyozi kilipasuka kuanzia kisogoni mpaka kiunoni, mchongaji wetu alipokiona alikaa kimya muda mrefu, akaondoka nacho.

Lakini nisijifanye najua kila kitu, chumba namba tatu kinanikumbuka. Kilikuwa na alama ya maji, kimo cha goti, nikasema hii imepanda kutoka ardhini, ndivyo vitabu vinavyosema. Nikabandua, nikapiga upya kwa uangalifu wote, chumba kikafungwa mwezi mzima. Baada ya miezi minne alama imerudi pale pale. Nikabandua tena. Mara ya pili msaidizi wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, akaweka sikio ukutani akasema, "Fundi, mbona kunadondoka?" Mrija wa maji ya kiyoyozi ulikuwa umechomoka ndani ya ukuta. Ulikuwa unamwagia humo humo, tone baada ya tone, huku mimi nikihutubia habari za ardhi. Tangu hapo nikiona unyevu naanza na paa, mabomba na viyoyozi, ardhi inakuja mwisho. Na kusema kweli, katika kuta zangu maji niliyoyakuta yakishuka ni mengi kuliko niliyoyathibitisha yakipanda.

Na namba saba yenyewe? Doa lake liko juu, usawa wa bega la mtu mzima, kama shati la mzee lilivyoshuhudia. Paa ni zima, bomba halipo karibu, kiyoyozi kiko ukuta mwingine. Nadhani kuna fundi wa zamani aliyetumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha, na chumvi yake inavuta unyevu kutoka hewani hata pasipovuja kitu. Nadhani. Nimeshakuwa na uhakika kwenye namba tatu, mlivyoona.

Msinisikie pia nikisema chokaa ni uchawi. Kule Kilwa Kisiwani Msikiti Mkuu umesimama karne kwa karne kwa matumbawe na chokaa, na wapenda vya kale hunitajia huo kila siku. Sawa. Lakini magofu yale, yaliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa. Mawimbi yanakula ufuko, mvua inakula ukuta usio na paa, mizizi inaingia. Chokaa isiyo na paa ni sukari kwenye mvua. Boma la Mjerumani hapa kwetu, la 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli na linaendelea kukarabatiwa. Nyumba ya mawe haimalizwi, inatunzwa kama shamba.

Kwa hiyo ukija kulala kwenye nyumba ya aina hii, usiulize kama kuta zinatoa unga. Uliza lipu ni ya nini. Wakikujibu saruji na kuta zinang'aa, gonga kwa kifundo, kisha chagua chumba cha juu. Na sogeza kitanda kutoka ukutani, tafadhali, kiganja kimoja kinatosha.

Namba saba nitakifunga mwanzoni mwa Juni.

Yule mzee alikaa siku tatu. Siku ya kuondoka akanikuta tena pipani, akaomba namba yangu. Jana kanitumia picha ya bafu la nyumbani kwake Dar, lipu imevimba kuanzia chini ya dirisha, na ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nimekuelewa sasa. Hapa nikupe mifuko mingapi ya chokaa?"

Nikaikuza picha. Tofali za bloku, nguzo za zege, sakafu ya zege. Nikampigia.

"Shikamoo mzee. Hapo kwanza tafuta bomba linalovuja. Ukishaliziba, piga saruji."

Akacheka mpaka simu ikakatika.