Kabla ya kuomba mahakama ikutangaze mufilisi

Wengi hutafuta ushauri wa ufilisi wakiwa wamechelewa. Mtu ameshamuuzia shemeji yake shamba kwa bei ya kutupa, ameshamlipa rafiki mmoja na kuwaacha wadai wengine, ndipo anauliza jinsi ya kukimbilia mahakamani. Sheria ya Ufilisi ya Kenya, ya mwaka 2015, humkinga mdaiwa asiyeficha kitu. Mali iliyohamishwa kwa ujanja inaweza kurudishwa, na aliyeihamisha akajikuta pabaya zaidi. Kwa hiyo ukiona unakopa huku ili ulipe kule, usiuze wala usigawe chochote. Kaa chini uandike.

Andika kila deni: benki, sacco, chama, mikopo ya simu, hata pesa za mjomba. Andika pia mali yako yote na kinachoingia kila mwezi. Hiyo ndiyo taarifa ya hali ya kifedha, na ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mufilisi huondolewa ufilisi baada ya miaka 3, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu alipowasilisha taarifa, si tangu amri ya mahakama ilipotolewa. Anayeichelewesha anajiongezea muda wa ufilisi mwenyewe.

Ukiletewa hati rasmi ya kudai malipo, una siku 21 za kulipa, kuelewana na mdai au kuipinga mahakamani. Usiitie kabatini.

Kabla ya ufilisi wenyewe, pima njia nyepesi. Ukiwa na mapato, unaweza kuafikiana na wadai wako chini ya usimamizi wa mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, au kuomba kulipa kidogo kidogo. Ukiwa huna mali ya kuuzwa na madeni yako ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, upo utaratibu wa wasio na mali, unaokwisha baada ya miezi 12. Huu haumfai aliyewahi kuutumia au aliyewahi kuwa mufilisi. Mimi ningeuulizia kwanza kabla ya mwingine wowote.

Usipofaa kwa hizo, ombi lako linakwenda Mahakama Kuu. Usilipeleke kwa nia ya kukwepa hukumu moja uliyoshindwa. Majaji huyatambua maombi ya namna hiyo na kuyatupa. Amri ikitolewa, mali yako inasimamiwa na msimamizi wa ufilisi, ingawa vifaa vya kazi na vyombo vya nyumbani huachiwa kwa kiasi: fundi wa nguo hanyang'anywi cherehani. Huwezi kusafiri nje ya nchi bila idhini, wala kugombea ubunge kabla hujaondolewa ufilisi.

Yapo madeni yasiyofutika hata ukiondolewa ufilisi: matunzo ya watoto na fedha zilizopatikana kwa ulaghai. Benki inayoshikilia hati ya nyumba yako bado inaweza kuiuza.

Halafu kuna wadhamini wako, na hapa ndipo familia na urafiki huvunjika. Ufilisi wako hauwaondolei dhima. Mwalimu mwenzako aliyekuwekea saini kwenye sacco ndiye atakayekatwa akiba yake, na mara nyingi hupata habari pesa zikiwa zimeshaenda. Mwambie kabla hujawasilisha ombi, ana kwa ana, na umpe nakala ya orodha yako ya madeni, ili awahi ofisi ya sacco kuomba mpango wa malipo anaoumudu.