WebSocket ikikatika, usianze kuulaumu mtandao wa simu

"Inakatika kwa sababu mtandao wetu ni mbovu." Ramani ya bodaboda za Kampala inayolishwa na WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya seva na kivinjari au simu) ikiganda kwenye skrini ya ofisi, lawama ya kwanza hubebeshwa mtandao. Tazama saa kabla ya kulaumu. Mtandao mbovu hukata ovyo: leo sekunde 8, kesho dakika 20. Muunganisho unaokatika kila mara baada ya sekunde 60 za kimya haukukatwa na mnara wa simu wa Ntinda. Umekatwa na Nginx, yaani proksi (seva ya kati inayopokea maombi) iliyo mbele ya Tomcat, seva inayoendesha programu yako ya Java, kwa sababu `proxy_read_timeout` isiporekebishwa huwa sekunde 60: Tomcat isipotuma chochote kwa muda huo, Nginx hufunga.

Unaweza kuongeza muda huo, lakini dawa inayofaa zaidi ni seva kutuma ping (ujumbe mdogo wa kuuliza kama upande wa pili bado upo) kila sekunde 25. Ni lazima itoke upande wa Java, kwa `session.getBasicRemote().sendPing(ByteBuffer.allocate(0))` ndani ya `ScheduledExecutorService`, kwani JavaScript ya kivinjari haina amri ya kutuma ping, ila kivinjari hujibu pong (jibu la ping) chenyewe. Pong hizo zihesabu. Simu ikizimika ghafla barabara ya Masaka haiagi, na Tomcat kwa kawaida haina kikomo cha ukimya, hivyo vikao (miunganisho) vilivyokufa hurundikana kwenye orodha yako. Andika saa ya pong ya mwisho ya kila kikao. Zikipita sekunde 75 bila pong, kifunge. Upande wa simu, andika msimbo wa kuunganisha upya, maana WebSocket hairudi yenyewe.

"Kwenye laptopu inakubali, kwa hiyo msimbo hauna kosa na seva ya kukodi ndiyo yenye shida." Nusu ya kwanza huenda ni kweli. Kwenye laptopu hakuna proksi katikati. Heda (mistari ya maelezo ya ombi) za `Upgrade` na `Connection` huishia kwa proksi, hazivuki mpaka uziandike upya kwenye mipangilio ya Nginx:

```
proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection "upgrade";
```

Usikisie. Ingia kwenye seva yenyewe, piga Tomcat moja kwa moja:

```
curl -i -N --http1.1 \
 -H "Connection: Upgrade" -H "Upgrade: websocket" \
 -H "Sec-WebSocket-Version: 13" \
 -H "Sec-WebSocket-Key: dGhlIHNhbXBsZSBub25jZQ==" \
 http://localhost:8080/ramani/njia
```

Ukipata `101` (muunganisho umekubaliwa), Tomcat ni nzima. Rudia amri hiyohiyo kwa anwani ya `https` ya nje. Ikijibu 400 au 404, kosa liko kwa proksi, na hakuna haja ya kugusa hata mstari mmoja wa Java. Usiiondoe `--http1.1`: HTTP/2 haina heda ya `Upgrade`, nawe utafukuza kosa ambalo halipo. Wanaounganisha Apache na Tomcat kwa AJP (itifaki ya kuunganisha hizo mbili) wahamie HTTP, kwa kuwa AJP ya Tomcat haibebi WebSocket kabisa.

"404 maana yake nimekosea anwani." Pengine. `@ServerEndpoint("/njia")` ndani ya `ramani.war` hupatikana kwenye `/ramani/njia`, na wengi husahau sehemu ya kwanza. Lakini sababu inayopoteza siku nzima ni nyingine: kuanzia Tomcat 10, `javax.websocket` imekuwa `jakarta.websocket`. Darasa lenye anotesheni ya zamani halitambuliwi, na logi inaweza isiseme lolote. Badilisha `import` zote, au baki na Tomcat 9. Hakikisha pia kwamba API ya WebSocket kwenye Maven (zana ya kujenga miradi ya Java) ina `<scope>provided</scope>`. Nakala ya pili ndani ya `WEB-INF/lib` hugongana na ile ya Tomcat.

"Ujumbe mkubwa umekatwa na kifurushi cha data." Soma namba ya kufunga (close code) ambayo WebSocket hutoa inapokatika. 1009 ni ujumbe uliozidi nafasi. Tomcat hutenga baiti 8192 tu. Panua kwa `@OnMessage(maxMessageSize = 65536)` kwenye mbinu yako.

"CORS itawazuia wageni." Haitawazuia, kwa sababu vivinjari havitumii CORS (kanuni ya kivinjari kuhusu tovuti ipi iruhusiwe kusoma data ya nyingine) kwa WebSocket, na `checkOrigin` ya Tomcat hukubali kila anayebisha. Tovuti yoyote ile inaweza kufungua muunganisho kwa kuki za mteja wako aliyeingia. Rithi `ServerEndpointConfig.Configurator`, ndani ya `checkOrigin` linganisha `Origin` (anwani ya tovuti inayobisha) na orodha ya anwani zako, na urudishe `false` kwa nyingine zote. Hili lifanyike kabla mfumo haujapokea mteja wa kwanza.